Ndege wa Mida na Amana ya Jicho



Napenda leo nizungumze nawe juu ya jambo ambalo watu wengi wamekuwa wakiniuliza, baadhi yao kwa mapenzi na baadhi yao kwa kustaajabu. Yawaje mtu mwenye kuvaa kilemba, asomeshaye watoto Juzuu Amma na kuswalisha msikitini, aonekane ufuoni baada ya Alfajiri amelala kifudifudi juu ya tope, kamera mkononi, akimwotea ndege? Bwana mmoja alifika hadi ya kuniambia, "Maalim, hiyo ni kazi ya watalii." Nilicheka, kwa sababu alisema kwa wema. Lakini swali ni la haki, nami nimeona bora nilijibu kwa maandishi, nisiwe nalijibu kila siku barazani huku kahawa ikipoa.

Jambo la kwanza ni kwamba kutazama viumbe si mchezo. Katika Suratul Mulk, aya ya 19, watu wanaulizwa kama hawawaoni ndege walio juu yao, jinsi wanavyozikunjua mbawa zao na kuzikunja, na hakuna awashikaye hewani ila Mwingi wa Rehema. Katika Suratun Nur, aya ya 41, tunaambiwa kuwa ndege nao wanamsabihi Mola wao, na kila mmoja ameijua swala yake. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba kila ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ni katika umma mfano wetu sisi. Aya hizi tunazisoma, na wanafunzi wetu wanazihifadhi kwa tajwidi nzuri. Lakini mtoe mwanafunzi huyo nje, mwonyeshe ndege kumi, utakuta hajui majina ya watatu. Atakwambia: yule ni kunguru, yule ni njiwa, na wale wengine ni ndege tu. Ameambiwa atazame, naye amekariri kwamba ameambiwa atazame.

Mimi mwenyewe kilichonifundisha kutazama ni kamera. Niliipata katika miaka ya 1980 kwa jamaa yetu aliyekuja ziara kutoka Maskati, kamera ya chuma nzito kama jiwe la mizani, na ndani yake mkanda wa picha 36. Wewe kijana unayesoma haya, na simu yako inayopiga picha 300 kabla ya chai, huenda usifahamu maana ya 36. Mkanda ulikuwa ghali kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kuusafisha ilikuwa ni gharama nyingine, tena mpaka mtu wa kwenda Mombasa apatikane, aupeleke, na wiki zipite. Kwa hivyo kila picha ilikuwa na hesabu yake. Ulikuwa hubonyezi mpaka umejiuliza: jua liko wapi? Huyu ndege atageuka au hatageuka? Je, nangoje? Na aghalabu jibu lilikuwa ngoja. Nimewahi kukaa chini ya mkoko kutoka maji yalipoanza kutoka mpaka yakaanza kurudi, na nikaja nyumbani sikupiga hata moja. Mke wangu akaniuliza, "Umevua nini?" Nikamwambia nimemwona mdiria akimpiga samaki juu ya tawi mara saba kabla ya kummeza. Akasema hicho si kitoweo. Ni kweli, si kitoweo.

Chukua mfano wa ndege mmoja tu. Katika hori ya Mida, baina ya Watamu na Gede, yuko ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene uliochongoka kama kisu. Chakula chake kikubwa ni kaa. Wataalamu wamempa jina la Dromas ardeola, na wanasema kuwa katika ndege wote wa dunia hana ndugu wa karibu. Katika ukoo wake yuko peke yake. Mida tunamwona kwa mamia nyakati nyingine, wamesimama kwa safu juu ya mchanga, wote wameuelekea upepo, kama watu walioambiwa wanyooshe safu zao.

Lakini Mida hazai. Kwao kwa kuzalia ni visiwa vya mchanga na fuo za Oman, za Ghuba, za Bahari ya Shamu na za Somalia. Na huko hafanyi kama ndege wengine wa pwani, ambao hutaga juu ya mchanga mtupu. Yeye huchimba pango ndani ya mchanga, njia yake yapata urefu wa mtu au zaidi, na mwisho wake huweka yai moja tu, jeupe. Mchanga ule umechomwa na jua la Arabuni, na joto lake humsaidia kulilea yai. Hivyo mama na baba huweza kuliacha kwa muda wakaenda kutafuta kaa. Ndege wa jamii ya ufuoni aghalabu mtoto wake akianguliwa tu husimama na kujitafutia. Huyu hapana. Kinda hukaa ndani ya pango akiletewa chakula. Hata akishaweza kuruka, akavuka bahari yote ile mpaka Mida, bado utamwona anamfuata mzazi wake juu ya tope, rangi yake ya kijivu haijatakata, mabega ameyainamisha, akilia aombe kaa. Na mzazi humpa. Ninayo picha ya tendo hilo, haikutoka vizuri sana kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda, lakini kaa anaonekana baina ya midomo miwili.

Nimeitia picha hiyo katika darsa zangu zaidi ya mara moja tulipofika kwenye mlango wa haki za watoto juu ya wazazi.

Ndege hawa huanza kuonekana kwetu kuanzia mwezi wa Agosti hivi, na ifikapo Aprili wengi wao wameshaondoka. Wazee wetu waliokuwa wakisafiri kwa majahazi walikuja na kaskazi, kuanzia Disemba, na wakarudi na kusi ilipoanza kuvuma Aprili. Kwa hivyo kurudi kwao Arabuni kunakaribiana na safari za manahodha, ama kuja kwao hakungoji kaskazi; nahodha wao ana hesabu nyingine. Sisi watu wa pwani tuna jamaa zetu Maskati na Sur, tunapelekeana salamu na halua. Sikuwa najua, mpaka nilipoanza kupiga picha, kwamba iko jamaa nyingine isiyotumia pasipoti ambayo miaka yote ilikuwa ikienda na kurudi baina ya nyumba zetu hizo hizo mbili. Wapo na wadogo kuliko hao, vipembe vya ndege vyenye mdomo uliopinda, wanaotoka Siberia kaskazini kabisa mwa Urusi, na tope la Mida ndilo linalowanenepesha kwa safari ya kurudi. Mikoko ikikatwa na tope lile likafa, hasara haitakuwa ya wavuvi wa Mida peke yao.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana najua wapo waliokuwa wakiingoja. Hadithi za kuwaonya wenye kufanya sura ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na mwenye kuzidharau amepotea. Lakini je, kamera imo katika sura hizo? Hapa wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliandika risala nzima juu ya suala hili. Hoja yake ni kwamba sura iliyokatazwa ni ile mtu anayoizua kwa mkono wake, akashindana na uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Ama picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu, kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, kama vile kioo kinavyoonyesha uso isipokuwa kioo hakihifadhi. Na wako waliokataa hoja hiyo. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliona kuwa picha ya chenye roho ni haramu ila kwa dharura, kama vitambulisho. Wote wawili ni wanavyuoni wakubwa. Mimi nafuata kauli ya kwanza, kwa mipaka nitakayoieleza, na sizitundiki picha hizo ukutani. Naziweka ndani ya albamu, kwa kuchunga hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye sura.

Ninaye mwenzangu, mwalimu mwenye ilmu kunishinda, ambaye yeye anafuata kauli ya pili. Tumesoma pamoja, tumezeeka pamoja. Simpigi picha hata siku moja, naye hanigombezi. Siku moja alikuja kwangu akaikuta juu ya meza picha ya keremkerem amekunjua mbawa, jua limempiga ubavuni, kijani na dhahabu. Aliitazama kwa kitambo. Akasema, "Subhanallah." Kisha akaigeuza kifudifudi, akaagiza chai. Ikhtilafu baina ya watu wa dini ingekuwa hivi siku zote, tungepumzika.

Wala si kweli kwamba mambo haya ya kamera ni ya kigeni kwetu. Wako wanaosema kwamba neno lenyewe, kamera, limetokana na Kiarabu. Si hivyo. Ni neno la Kilatini na maana yake ni chumba. Hatuna haja ya kujisifu kwa uwongo hali kweli yetu yatosha. Kweli ni kwamba Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 na akaishi Misri, katika kitabu chake Kitabul Manadhir alithibitisha kwamba jicho haliangazi vitu, bali nuru ndiyo itokayo kwenye vitu ikaingia jichoni; na akaandika risala nyingine juu ya sura ya jua linapopatwa, akaeleza jinsi nuru ipitayo katika tundu ndogo inavyochora umbo la jua upande wa pili. Hilo ndilo jambo lenyewe lifanywalo na kamera. Na picha za kwanza zijulikanazo za Madina zilipigwa mwaka 1861 na za Makka mwaka 1880, na aliyezipiga ni Mwislamu, afisa wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq Bey, akibeba vioo na dawa zake jangwani.

Risala ile ya Ibn al-Haytham nimeiona kwa macho yangu, si kitabuni, chini ya mwembe. Ilikuwa Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa. Kusini mwa Tanzania lilibaki pete tu, na huku kwetu pwani liliumwa sehemu kubwa, kiasi cha adhuhuri kugeuka rangi kama magharibi isiyo na wekundu. Tuliswali swala ya kupatwa kwa jua. Tulipotoka, watoto walitaka kulitazama, nikawakataza, maana jua hilo hupofusha. Nikawaambia: tazameni chini. Mchanga wote chini ya mwembe ulikuwa umejaa miezi miandamo, mamia, iking'ara, imelaliana kama magamba ya samaki. Kila upenyo baina ya majani ulikuwa umekuwa ni kamera, na kila kamera ilikuwa inachora jua lililoumwa. Mtoto mmoja alivua kofia yake akaikinga, mwezi ukaingia kofiani, akawa anatembea nao kwa uangalifu kama amebeba maji. Nilipiga picha ya mchanga ule. Kila siku, msomaji mpenzi, yale madoa ya mviringo unayoyaona chini ya mti ni sura za jua, si sura za majani. Yatazame kesho.

Mipaka niliyoiahidi ni hii. Mwenye kupiga picha ndege ameshika mkononi kitu kinachofanana na bunduki, na nafsi yake isipoangaliwa hufanana na nafsi ya mwenye bunduki. Mtume (S.A.W.) alimlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, masahaba walipokuwa safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akawa anapiga mbawa juu yao kwa huzuni. Mtume alipomwona aliuliza nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha arudishiwe. Kwa hivyo mimi sipigi picha kiota. Najua zitatoka picha nzuri, wengine wanazipata, lakini ukisogelea kiota mama huruka, na mama akiruka kurabu yuko mtini anatazama.

Kurabu namkusudia kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu. Si wa kwetu. Wa kwetu ni yule mwenye kifua cheupe. Huyu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufika mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Amekula taka, kisha akala mayai, makinda, na vifaranga vya kuku wa maskini. Sehemu nyingi za miji yetu ndege wadogo wamepungua kwa sababu yake. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao kiasi cha milioni 1. Nimeulizwa kama inajuzu. Kunguru ni katika wale watano walioruhusiwa na hadithi kuuawa kwa madhara yao, hata ndani ya Haram. Lakini pia ni yeye aliyetumwa, katika Suratul Maida, aya ya 31, amfundishe mwana wa Adam jinsi ya kumsitiri maiti ya ndugu yake. Na ukweli ni kwamba hakujileta Unguja mwenyewe, wala si yeye anayeacha majaa wazi barabarani. Aondolewe, ndiyo, na majaa yaondolewe pamoja naye. La sivyo tutakuwa tunaua upande mmoja na kulisha upande mwingine.

Na kwa kuwa nimewataja ndege wanaochukiwa, nimseme bundi, maana yeye anachukiwa bila ya kosa. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke yuko bundi mdogo, uzito wake haufiki gramu 60, yaani mwepesi kuliko yai kubwa la kuku, aliyejulikana kwa wataalamu na kupewa jina mwaka 1966. Hapatikani duniani ila katika msitu huo wetu na katika misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Watu huja kutoka Ulaya na Marekani, wakalipa fedha nyingi, wamwone dakika tano. Na sisi tukimsikia bundi juu ya paa tunasema kuna mtu atakufa, tunachukua mawe. Hii ni itikadi ya kijahiliya. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakiamini kwamba roho ya maiti hugeuka bundi, na Mtume (S.A.W.) akaikanusha itikadi hiyo katika hadithi sahihi. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu picha ya bundi huyo wa Sokoke, wawili wamekaa bega kwa bega juu ya kitawi, macho wameyafumba nusu. Palikuwa kimya. Kisha kijana mmoja, hodari wa kutupa mawe, akasema, "Kumbe ana usingizi tu, Ustadh."

Yote hayo ni mepesi. Mazito ni picha za watu.

Ramadhani moja, si ya zamani sana, kundi la watu wa kheri lilikuja mtaani kwetu na lori la unga, mchele, mafuta na tende. Sitawataja, na nia zao anazijua Mwenyezi Mungu. Kwa kuwa wamesikia nina kamera, waliniomba nije niwapige picha wanaopokea. Utaratibu ulikuwa kila mtu ashike mfuko wake kifuani, asimame mbele ya kitambaa chenye jina la kundi, atazame kamera, ndipo aondoke nao. Niliwaambia: nitalipiga lori, nitaipiga mifuko, nitaipiga mikono ikipokea, nyuso siwezi. Wakasema waliotoa fedha wanataka kuona nyuso, wapate kuamini kuwa amana yao imefika. Nikawaambia kuna njia nyingi za kuithibitisha amana, kuna daftari, kuna mashahidi. Hatukukubaliana. Nikaweka kamera yangu ndani ya mkoba, nao wakatoa simu zao.

Katika safu alikuwamo bibi mmoja, mjane, msukaji wa mikeka, ambaye katika umri wake wote hakuna aliyepata kumsikia akiomba. Zamu yake ilipofika akaambiwa afunue uso kidogo na atabasamu. Aliwatazama. Akasema, "Wanangu, mimi nimefunga. Basi nitafunga na kesho." Akaugeuza mgongo akaenda zake, na mfuko ukabaki chini.

Nimekisomesha kisa hiki, na nitaendelea kukisomesha. Suratul Baqara, aya ya 264, inatukataza tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na aya ya 271 inasema kuwa kuificha sadaka mkaipa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Watu wanadhani masimango ni maneno. Picha ya mama wa watu akiwa na mfuko wa unga kifuani, ikazunguka katika simu za mji mzima, na wajukuu zake wakaonyeshwa shuleni, hilo ni simango lisilonyamaza. Aliyelitoa ameshalala, nalo bado linasema. Niliyasema haya kwa viongozi wa kundi lile baada ya tarawehi. Mmoja alinielewa. Mwingine akanijibu kuwa bila ya picha mwaka ujao hawatapata mchango, na sidhani kuwa alikuwa anasema uwongo. Ndiyo maana nawasemesha na nyinyi mnaotoa, hasa mlio mbali, Ulaya na Ghubani: anayeomba nyuso ni nyinyi. Mkiacha kuziomba, hazitapigwa. Takeni hesabu, na mtume jamaa zenu waje kuuliza nyumba kwa nyumba kama haki imefika. Uso wa maskini si risiti.

Bibi yule majirani walimpelekea futari usiku, kwa siri, pamoja na mke wangu. Idd ilipopita alimtuma mjukuu wake kuniita. Nilikwenda na mke wangu. Tulimkuta uani amevaa leso mpya, amezungukwa na ukili aliotia rangi, zambarau na nyekundu. Akaniambia, "Maalim, nasikia wewe unapiga picha, na kwamba siku ile ulikataa. Sasa mimi nataka unipige. Mwanangu yuko Dubai, mwaka wa tisa huu hajaniona. Nipige nikisuka, aone mikono yangu ingali yafanya kazi." Kisha akanipa masharti, moja moja, kama wakili. Picha iwe ya karatasi. Iwe moja. Aipeleke mtu kwa mkono wake, isipite katika simu ya mtu. Na ile itakayobaki ndani ya mashine niifute mbele yake.

Nilikaa uani kwake kutoka dhuha mpaka karibu na adhuhuri, kwa sababu jua lilikuwa kali na nilitaka kivuli cha mkungu kifike mahali alipokaa. Yeye hakusimama kusuka hata dakika moja. Nilifanya kama alivyotaka, sharti kwa sharti, na mjukuu akashuhudia. Kwa hivyo katika picha zangu zote za miaka hii, hiyo ninayoiona kuwa ndiyo bora sinayo, na ndiyo sababu mhariri aliponiomba picha ya kuchapisha pamoja na makala haya nilimpa ya ndege.

Bwana yule aliyeniambia kuwa hii ni kazi ya watalii aliniuliza hivi karibuni, kwa sauti ya chini, ni lini mtu anaweza kwenda Mida akawaona hao wala kaa, maana wanawe wamemsumbua. Namjibu hapa ili na wewe ufaidike. Nenda baina ya Septemba na Machi. Tumia kalenda yetu ya Kiislamu: tarehe mosi mpaka ya 3 ya mwezi, au ya 15 mpaka ya 17, siku za bamvua, ambapo kwetu maji hujaa sana karibu na Alasiri. Fika kabla yake, maji yakiwa nusu. Bahari ikipanda inawasukuma ndege kutoka tope la mbali mpaka juu ya mchanga, na wao wenyewe ndio watakaokusogelea. Jua liwe mgongoni mwako. Usivae kanzu nyeupe, huwashtua. Vaa kikoi cha rangi iliyofifia. Kaa chini, watoto wakae chini, na mswala muuchukue, kwa sababu wakati utakuingilia huko huko.